Nafuu ya Kodi, Mwiko wa Sabuni

Mpaka leo nikiona kanzu nyeupe imeanikwa kwenye kamba, hushikwa na woga kwanza, kisha ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima na kanzu ile si ya kwetu. Wajukuu hunicheka. Nawaacha wacheke, hawakuwapo.

Baba yangu alikuwa mtumishi wa mezani kwenye mesi, bwalo la chakula la Wazungu, kule Nachingwea, miaka ile ya shamba kubwa la karanga, matrekta yalipokuwa yakinguruma porini na watu wakija kutafuta kazi kutoka kila upande. Sisi tulikaa kijijini, kando ya barabara inayokwenda Ruangwa. Wiki nzima baba alilala kambini na wafanyakazi wenzake, na Jumamosi alasiri alipanda lori akateremka pale kwetu na furushi kwapani. Ndani ya furushi mlikuwa na kanzu zake za kazi, zenye madoa ya mchuzi na chai ya watu wengine, pamoja na mshipi mwekundu ambao sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuugusa. Baba alikuwa mtu wa majivuno, Mungu amrehemu. Ukimwona ndani ya kanzu zile ungedhani mesi ni yake na Wazungu ni wageni aliowakaribisha.

Mesi ilikuwa na dobi wake, lakini baba hakumwamini. Alisema dobi yule ana ugomvi na vifungo, anazipiga nguo kwenye jiwe mpaka vinaruka. Basi kanzu zilifuliwa nyumbani na mama, kwa mche wa sabuni alioununua baba mwenyewe. Mama alizifikicha, akazisuuza, akazitia buluu, akazipitisha kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, na zilipokauka zilikuwa ngumu kiasi kwamba tulizibeba kwa mikono miwili. Pasi ya mkaa alipiga baba kwa mkono wake, Jumapili, kabla ya lori la kurudi. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Siku moja likatoka tangazo kwenye baraza la Ruangwa, kwa karani wa kodi. Mtu yeyote mwenye kazi ya sare, ambaye sare yake anaifua kwake kwa sabuni yake, bila kufuliwa na dobi wa kazini, ajieleze, naye atapata nafuu kwenye kodi ya kichwa. Kodi ilikuwa kitu cha kutisha siku zile. Asiyelipa alikamatwa akaenda kuilipa kwa jasho, barabarani, akichimba mitaro na kuvunja mawe chini ya askari. Wanaume wa kijijini kwetu walikuwa wakisikia tu kwamba wakusanya kodi wameonekana Chinongwe, nao wanakumbuka ghafla kwamba wana mitego ya kuangalia porini. Kwa hiyo baba alipopata ile nafuu mwaka wa kwanza, alirudi nyumbani akiimba. Sijawahi kumwona mtu mwingine akiimba kwa sababu ya kodi.

Ubaya ni kwamba wenzake nao waliusikia wimbo. Mwaka uliofuata walijaa barazani wakiwa na sare za kila namna. Mkulima mmoja wa ufuta, ambaye hakuajiriwa hata siku moja tangu azaliwe, alikuja na koti la askari lililoliwa na nondo, akaapa kwamba analifua kila Ijumaa. Karani akakasirika, na hapo simlaumu. Akaagiza kwamba safari hii kila anayetaka nafuu aje na sare yake na mke wake, na mke aseme kwa kinywa chake mbele ya watu kwamba nguo zile anazifua yeye nyumbani. Atakayeonekana mwongo atarudisha na nafuu ya mwaka uliopita, atalipa kodi kamili papo hapo, na kama hana, askari yuko mlangoni.

Agizo hilo lilitukuta kaka yangu yuko jandoni.

Asiyelelewa kwetu itabidi nimweleze kidogo. Baada ya mavuno wavulana walipelekwa porini, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa huko kambini mpaka vidonda vipone na mafunzo yaishe. Sisi wanawake hatukusogea kule. Lakini mama wa mtoto aliyeko jandoni hakuwa huru hata akiwa nyumbani kwake. Alikuwa na mwiko. Hakula chumvi, hakupaka mafuta, hakuchana nywele, hakulala na mumewe, na juu ya yote hakugusa sabuni. Hakufua hata kanga yake. Povu likipita mikononi mwa mama, kidonda cha mtoto kinalowa, hakifungi, damu inarudi. Hivyo ndivyo alivyotufundisha bibi, mama mzaa baba, ambaye tulikaa naye nyumba moja. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema uhai uko mikononi mwa Mungu peke yake. Mama akaitikia kwa adabu zote, kisha akarudi kula ugali wake bila chumvi.

Basi kanzu za baba nani afue? Bibi hakusumbuka na swali hilo. Alinitazama mimi.

"Huyu hajachezwa unyago," alisema. "Mtoto hana mwiko."

Wanga alinipikia bibi, nami nikapewa furushi na mche wa sabuni nikaelekezwa mbali, chini kabisa ya kijito, mahali ambapo akina mama wengine wenye watoto jandoni hawatapita wakaona povu la nyumba yetu. Ilikuwa kiangazi na kijito kilibaki madimbwi. Niliogopa kuliko ninavyoweza kusema. Niliogopa chui, niliogopa ukimya, lakini zaidi niliiogopa ile sabuni. Bibi alisema mimi sina mwiko, sawa, lakini mikono yangu si ilitoka tumboni kwa mama yule yule? Na kambi ya jando ilikuwa huko huko juu ya kijito. Kabla ya kulowanisha nguo nilidondosha jani kwenye dimbwi nikalitazama linaelekea wapi. Likitulia, nilifua. Likisogea hata kidogo kuelekea upande wa kambi, kwa upepo tu, nilikaa chini nikangoja, na wakati mwingine nililia.

Nilifua hivyo Jumamosi hata Jumamosi. Kanzu zilitoka nyeupe, sijui ilikuwaje, na baba alizipokea akazikagua kwenye mwanga asiseme kitu. Kwa baba kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu.

Kisha habari ikatoka kambini. Kila alasiri akina mama walipeleka chakula mpaka kwenye mti fulani ukingoni mwa pori, wakaweka vyombo chini, wakarudi nyuma, ndipo mzee mmoja akatoka akavichukua. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi. Siku hiyo nilikuwa nimefuatana na mama, naye mzee aliweka bakuli tupu chini akasimama.

"Kuna mmoja damu haikatiki," alisema. "Ombeni."

Mama mmoja akauliza ni nani. Mzee akamtazama kwa ukali, akageuka, akaingia porini. Jina halitajwi, ndiyo desturi. Na tena jambo ambalo kila mama alilijua na hakuna aliyelisema: mtoto akifia jandoni, mama yake haambiwi. Chakula chake kinaendelea kupokelewa kila siku, na bakuli linarudi tupu kila siku, mpaka ile siku ya kutoka, watoto wanapokuja kwa mstari, ndipo mama anatafuta mwanawe kwenye mstari na hamwoni.

Tulirudi nyumbani. Mama alikaa kizingitini akiwa na lile bakuli mapajani, analigeuza huku na huku. Nilitaka kumuuliza kama ni kaka. Nikaogopa kwamba nikiuliza itakuwa kaka kweli.

Baba alikuja Jumamosi iliyofuata na haraka zake, maana baraza lilikuwa Jumatatu na alikuwa ameomba ruhusa kazini. Bibi akamweleza habari ya kambini. Niliona uso wa baba ukibadilika, akakaa kwenye kigoda, akavua kofia. Kisha akasema jambo ambalo, nadhani, alikuwa amelipanga njia nzima kwenye lori.

"Mama watoto, Jumatatu wataniuliza, kisha watakuuliza wewe. Ni neno moja tu. Sema nafua mimi, basi tunarudi."

Mama alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso.

"Sifui," alisema.

"Najua hufui sasa. Mwaka mzima ulikuwa ukifua, na jando likiisha utafua. Si uongo."

"Nikisema nafua, nimefua."

"Sikuambii uguse sabuni! Nakuambia useme!"

Bibi akaingilia kati kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimwera. "Mwanangu, mdomo nao mkono. Wewe unataka atamke jambo hilo mbele ya watu, na mtoto huko anavuja?"

"Mama, yule karani ni mtu wa pwani, hajui mambo yetu."

"Simwogopi karani mimi. Naogopa kile kidonda."

Mama akamwambia polepole kwamba amweleze tu karani ukweli, kwamba mtoto yuko jandoni. Baba akacheka, kicheko kibaya. Amweleze mtu baki mambo ya jando, barazani, mbele ya wanawake? Wazee wangemla mzima. Kisha sauti ikamshuka, nami kwa mara ya kwanza nikamwona baba yangu anaogopa. Alisema kodi hana. Kile alichokuwa nacho kimekwisha kwa ngariba, kwa shuka la kaka na kwa mchele wa sherehe, kwa kuwa aliitegemea ile nafuu. Wakimpeleka barabarani, mesi haitamngoja. Siku ya pili tu mtu mwingine atakuwa ndani ya kanzu zake, na hata akitoka atakuwa hana kazi.

"Kwa hiyo chagua," alimwambia mama. Nafikiri alijuta palepale, maana alitoka nje akaanza kukoleza mkaa wa pasi ilhali kanzu zilikuwa bado mbichi.

Tulikwenda Ruangwa Jumatatu alfajiri, baba mbele na furushi la kanzu zilizopigwa pasi, mama nyuma yake, bibi akijikongoja, na mimi. Hakuna aliyeniambia nije na hakuna aliyenifukuza. Njia nzima nilimtazama mama mgongoni. Kwa mwiko ule alikuwa amekauka. Ngozi ilimpauka, nywele zilisimama vifundo vifundo, kanga ilikuwa na harufu ya moshi na jasho la wiki nyingi. Nilimwomba Mungu aseme nafua. Hatua chache mbele nilimwomba Mungu asiseme. Niliendelea hivyo mpaka tukafika, na nadhani hata Mungu nilimchosha.

Barazani kulikuwa na watu wengi. Karani alikuwa kijana nadhifu, suruali imenyooka, na pembeni yake alikaa mzee wa baraza kwenye kiti cha kukunja, amesinzia au anajifanya. Askari walisimama penye kivuli. Mke mmoja mmoja aliitwa, akaonyeshwa nguo, akaulizwa. "Nguo hizi anafua nani?" "Mimi, bwana." "Wapi?" "Nyumbani, bwana." Wakapita. Mke wa yule wa koti la askari aliangua kicheko katikati ya jibu, na mumewe akaondolewa. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimewaona wanawake watatu wa kijijini kwetu wamesimama kando ya ukuta, wenye ngozi iliyopauka vilevile na nywele zilizosimama vilevile. Watoto wao walikuwa kule porini pamoja na kaka yangu, na mwiko ukivunjwa na mama mmoja hatari huwa ya wote. Hawakucheka. Walikuwa wakimtazama mama.

Baba akaitwa. Akakunjua kanzu moja mbele ya karani, nyeupe mpaka inaumiza macho, na kwa nukta moja hivi majivuno yalimrudia. Karani akaishika, akaitikisa ikalia kwa wanga, akaridhika. Kisha akamtazama mama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nguo nyeupe hivi," alisema, "na mfuaji mchafu hivi? Mama, hizi unazifua wewe kweli, na mwenyewe hujioni?"

Watu wakacheka tena. Uso wa baba ukamwagika jasho. Mama alisimama mikono ameikunja ndani ya kanga, kama mtu anayeificha isije ikashika kitu.

"Hizi nguo anafua nani?" karani akauliza.

Nilimsikia bibi nyuma yangu akipumua kwa nguvu. Mama alimtazama baba. Walitazamana muda mrefu, na nilidhani mdomo wa mama unafunguka kusema lile neno moja, nikaona damu ya kaka, niliiona kabisa, inateremka kwenye majani. Nilitaka kupiga kelele.

"Sifui," mama akasema. "Bwana karani, mimi sifui."

Nikapiga kelele kweli. Nilisema, "Nafua mimi!"

Karani akashtuka, akaniona. Akaniita mbele, akanipimia kanzu mwilini, ikaburura chini na sehemu kubwa ikabaki. Watu walifurahi sana. Akauliza kama na pasi nimepiga mimi. Nikasema hapana, pasi anapiga baba. Hapo hata askari walicheka. Karani hakucheka. Alisema mke hafui, mtoto anafua, mwanamume anapiga pasi, basi huko mesini dobi anakula mshahara wa bure? Alisema kwamba kudanganya Serikali ni kosa, na kumfundisha mtoto kudanganya ni kosa kubwa zaidi. Baba alianza kusema kitu, "Bwana karani, huyu mke wangu, kuna sababu," kisha akamwona mzee mmoja wa kijijini kwetu mlangoni, akaimeza sababu yake. Mzee wa baraza alikuwa amefumbua macho. Alikuwa mwenyeji wa hukohuko. Alizitazama nywele za mama, na nina hakika alielewa kila kitu. Akayafumba tena, naye huyo sijamsamehe.

Askari wakamshika baba. Alinikabidhi mimi kanzu, hakumkabidhi mama, na hakumtazama.

Wale wanawake watatu walitufuata kwenye njia ya kurudi, mbali kidogo. Karibu na kijijini mmoja akasogea akamshika mama mkono. "Umetukomboa," alimwambia. Mama akautoa mkono wake. "Nimemwuza mume wangu," alisema, akaendelea kutembea.

Sasa hofu ilihamia nyumbani kwetu ikawa na kitanda chake. Nilimwogopea kaka, maana kambini hawakusema tena kitu, bakuli lilitoka tupu kila siku na mzee hakufungua mdomo. Nilimwogopea baba, ambaye walimleta kufanya kazi kwenye barabara yetu hiyohiyo ya Ruangwa, umbali mdogo tu kutoka kijijini, kuchimba mitaro kabla ya mvua. Na nilimwogopea mama, kwa sababu nilisikia bibi na shangazi wakinong'ona neno talaka.

Tarishi alikuja kutoka mesini kuzichukua kanzu. Alisema amepatikana mtu mwingine. Mama alizifunga mwenyewe kwenye kitambaa, kwa ncha za vidole, akampa.

Chakula cha baba nilipeleka mimi. Siku za mwanzo nilimkuta amekaa ukingoni mwa mtaro, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, viganja vimechubuka. Mikono iliyozoea kubeba sahani za kaure. Kabla hajafunua bakuli aliuliza swali moja tu.

"Nani kapika?"

"Bibi."

Akala. Siku moja bibi aliumwa mgongo, akapika mama. Nilijua nidanganye. Nilijiambia njia nzima nidanganye. Aliponiuliza nikasema, "Mama," na baba akausukuma ule ugali kwa mguu, polepole, bila kuumwaga.

"Mrudishie," alisema.

Sikuweza kumrudishia mama chakula kile. Nilisimama nacho nikilia mpaka askari akakionea huruma, chakula, si mimi, akakila. Nyumbani nilionyesha bakuli tupu. Mama aliuliza kama baba amekula vizuri. Nilisema ndiyo, akafurahi, nami furaha yake ikanitia hofu kuliko hasira ya baba.

Ndipo ikaja siku ya kutoka. Tulijua tangu jana yake, kwa ngoma. Wali, yaani wale wavulana wa jando, waliogeshwa, wakapakwa mafuta, wakavishwa mashuka mapya waliyopelekewa na wazazi, na wakaletwa kijijini kwa mstari wakiwa wamefunikwa gubigubi kuanzia kichwani, mtu haoni uso wala mkono. Wanafunuliwa mbele ya nyumba ya jando, baada ya nyimbo na mambo mengi, na mpaka wakati huo mama hajui. Haruhusiwi kusogea, haruhusiwi kugusa, haruhusiwi kuita. Anaweza kupiga vigelegele tu, na akina mama siku ile walipiga vigelegele huku macho yamewatoka kwa woga. Mama yangu hakuweza hata hivyo. Sauti haikutoka.

Mstari ulitokea porini ukaingia barabarani, na ilibidi upite pale walipokuwa wakichimba wale wa kodi. Sisi wanawake tulisimama upande wa pili wa barabara, wao wakiwa chini mtaroni, wamebaki vichwa na mabega. Askari aliwaamuru wasimamishe majembe wali wapite. Kukawa kimya, ngoma tu. Mama alitafuta lile shuka ambalo baba alilinunua, lakini mashuka yote yalikuwa yamechanganywa kambini, na yalitofautiana kwa rangi na mistari tu, aliyefunikwa shuka si mwenye shuka. Alitazama urefu. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kaka. Alinishika bega akanifinya mpaka nikaumia, akauliza kwa sauti ya chini, yupi, yupi, nami sikujua.

Baba, kwa kuwa alikuwa chini mtaroni, hakuona mashuka. Aliona miguu. Ilipita mbele ya uso wake mmoja mmoja, yenye mafuta na vumbi, na katika ukoo wao kidole gumba cha mguu hutengana na wenzake hukaa peke yake, wote wana mguu huo, baba anao, mimi ninao. Nilimwona anafuata miguu ile kwa macho, anafuata, kisha macho yakasimama. Jembe likamwanguka. Mtoto aliyefunikwa akampita karibu kiasi kwamba baba angenyoosha mkono angemshika, na baba hakunyoosha mkono, kwa sababu hairuhusiwi.

Mstari ukapita. Baba akainua uso, akamtazama yule mtoto mgongoni, kisha akavuka barabara nzima kwa macho, akamtafuta mama kati ya wanawake wote wale. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu Ruangwa.

"Yupo," alisema. "Mama watoto, yupo. Yule wa shuka la mistari. Anatembea vizuri."

Askari akamwambia anyamaze, ashike jembe. Mama akakaa chini palepale barabarani, kwenye vumbi, akalia kwa sauti mpaka wenzake wakaja kumwinua.